Picha za Jicho Baada ya Mionzi: Usingoje Kuona Kufifie

Msomaji ameniuliza: alishonewa jichoni kibati kidogo cha mionzi kutibu melanoma (aina ya saratani) ya jicho, mwaka umepita, anaona vizuri, sasa ya nini kurudi kupigwa picha?

Kwa sababu madhara ya mionzi hayaji siku ileile. Seli zinazotandika ndani ya mishipa midogo ya damu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hufa polepole; mingine huanza kuvuja, mingine huziba. Mara nyingi hayo hujitokeza kati ya miezi 6 na miaka 3, na aliye hatarini zaidi ni mwenye kisukari au yule ambaye uvimbe wake ulikaa karibu na makula, sehemu ya katikati ya retina tunayoitumia kusomea.

Kipimo cha kudai kila ziara ni OCT, picha ya mwanga inayoonyesha tabaka za retina. Unaegemeza kidevu, unakazia macho alama, dakika chache umemaliza, wala hakuna sindano. Maji yaliyoingia kwenye makula huonekana kama viputo vyeusi katikati ya tabaka, mara nyingi miezi kadhaa kabla daktari hajayaona kwa taa. Ila picha moja peke yake haisemi mengi. Iwepo iliyopigwa kabla ya mionzi, na zinazofuata zitoke kwenye mashine ileile, kwani kila aina ya mashine hupima unene wa retina kwa namna yake. Watu huhama kliniki bila faili, tofauti ya mashine ikahesabiwa kuwa maji yameongezeka! Jicho likiwa kavu au likiyumba, mashine huchora mpaka wa retina pasipo penyewe na namba ikapotoka, kwa hiyo mwombe daktari aitazame picha, asisome namba tu.

OCT ya mishipa, aina ya OCT inayofuata damu inavyopita, huonyesha palipoziba, lakini uvujaji haiuoni. Huo hutafutwa kwa angiografia ya fluoresini: dawa ya njano hudungwa mkononi, kichefuchefu huweza kuja na kupita, na mkojo hubadilika rangi kwa siku moja hivi. Mwenye mzio aseme mapema. Picha iwe pana ifike pembeni, kwani retina iliyokosa damu huchochea mishipa mipya dhaifu inayoleta damu ndani ya jicho na presha ya jicho.

Irisi, sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, ikaguliwe kabla ya matone ya kupanua mboni. Mboni ikishapanuka, vimishipa vipya vya ukingoni mwake havionekani kirahisi. Ultrasaundi nayo hupima unene wa uvimbe wenyewe. Ikitoka nzuri, haimaanishi makula ni salama.

Maji yakigunduliwa mapema, sindano za dawa kama bevacizumab huweza kuyapunguza. Mishipa iliyokwisha kufa hairudishwi na sindano yoyote.