Boksi la dawa usitupe: kesi yangu ilivyonishinda

Wiki iliyopita usiku nimepata ujumbe wa msomaji, dada mmoja, simtaji jina. Anasema kampuni ya dawa imemletea ofa kupitia wakili wake, hela yenyewe si mbaya, ila imekuja na karatasi ya kusaini kwamba hatamwambia mtu yeyote kilichompata mpaka anaingia kaburini. Anauliza asaini au asisaini.

Siku tatu nzima nilikuwa sijamjibu, na sio dharau. Hilo swali na mimi niliwahi kuulizwa, na jibu nililotoa nalijutia kila nikijiangalia kwenye kioo, japo kwa watu nasemaga sijutii.

Kwa ambao ni wageni hapa, mimi nilikunywa metoklopramidi miezi 14. Ni kidonge kidogo cha kuzuia kichefuchefu, tumbo langu lilikuwa chakula halishushi, kinakaa tu pale juu, nikaandikiwa hiyo dawa nikaambiwa zikiisha uje uchukue nyingine. Nikawa nachukua, kila mwezi nachukua, na hakuna hata mmoja aliyeniambia hii dawa ina kikomo. Kama mwezi wa 10 hivi ulimi ukaanza kutoka wenyewe. Midomo inatafuna na mdomoni sina kitu. Mi ni mwalimu jamani, nasimama mbele ya darasa zima na watoto wanaulizana mwalimu anatafuna chingamu gani isiyoisha. Kuna siku niligeuka ubaoni nikakuta mmoja ananiigiza. Sikumchapa wala sikumsema, nilitoka nje nikakaa chooni mpaka kengele ikalia.

Madaktari wanaita tadivu diskinezia. Wengine wakiacha dawa inaondoka, wengine haiondoki. Yangu haijaondoka.

Sasa kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba hii kitu ilikuwa inajulikana, tena siku nyingi. Februari 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza watengenezaji waweke onyo ndani ya fremu nyeusi, lile onyo zito kabisa, kwamba dawa hii isinywewe zaidi ya wiki 12 isipokuwa kwa nadra sana. Mwaka 2013 ile ya Ulaya, EMA, ikabana zaidi, ikasema siku 5 basi. Mimi miezi 14. Piga hesabu mwenyewe.

(Kabla sijaendelea: kama unakunywa dawa yoyote saa hizi na umeshtuka, usiiache ghafla kwa sababu umesoma kwangu. Nenda kwa daktari wako ukaulize. Mi sio daktari.)

Basi hasira zikanipanda nikaanza kusoma usiku. Ukisoma usiku na hasira unaona habari za ushindi tu. Nikaona Vioxx, ile dawa ya maumivu ya viungo ya Merck iliyotolewa sokoni Septemba 2004 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi, nikaona jopo la raia huko Texas mwaka 2005 wamempa mjane mmoja dola milioni 253. Milioni 253! Nikafunga simu nikalala na tabasamu, nikijua na mimi nawaburuza. Nina hakika wewe unayesoma hapa unalo hilo tabasamu.

Ila ile hukumu ya milioni 253 ilifutwa kwenye rufaa mwaka 2008, yule mama hakubaki na kitu kwenye ile hukumu. Hela ya kweli ya Vioxx ilikuja kwenye makubaliano ya 2007, dola bilioni 4.85, wakagawana maelfu ya watu, na kuingia kwenye huo mgao ilibidi uonyeshe karatasi kwamba ulipata mshtuko wa moyo au kiharusi, kwamba ulipokea vidonge visivyopungua 30, na kwamba ulikuwa umevitumia ndani ya siku 14 kabla ya kuumwa. Umeona? Vidonge vinahesabiwa. Huna karatasi huna vidonge, hata kama ulikunywa gunia.

Mi siku ya kwanza kwa wakili nimejiandaa kulia. Nimebeba leso kabisa. Akanisikiliza dakika kama kumi halafu akaniuliza, mama, boksi liko wapi?

Boksi gani?

La dawa.

Nilikuwa natupa. Nani anatunza boksi la dawa iliyoisha? Na dawa yenyewe ilikuwa ya jina la kawaida, sio ile ya kampuni iliyoanzisha, yaani kidonge kilekile kinatengenezwa na kampuni kibao na famasi inakupa iliyopo siku hiyo. Tulipofuatilia rekodi za famasi tukakuta ndani ya ile miezi 14 nimepewa za kampuni tatu tofauti, na baadhi ya miezi imeandikwa jina la dawa tu bila mtengenezaji. Kampuni mbili zikajibu thibitisha ni yetu. Ya tatu ikakiri miezi 5, halafu ikasema na hiyo miezi 9 mingine ndio iliyokuharibu, sio sisi. Nakwambia nilicheka.

Na hapo ndo nikaja kuelewa kwamba jina lililoandikwa kwenye boksi sio urembo. Kuna kesi mbili za mahakama kuu kabisa ya Marekani, zisome mwenyewe. Ya kwanza ya 2009, Wyeth v. Levine, mwanamuziki alichomwa sindano ya Phenergan ya kuzuia kichefuchefu, dawa ikaingia kwenye mshipa wa ateri, mkono ukaoza ukakatwa. Alishinda, majaji 6 kwa 3, zaidi ya dola milioni 6, mahakama ikasema kibali cha FDA sio kinga, kampuni ndiyo inayowajibika na onyo lake muda wote. Ya pili ya 2011, PLIVA v. Mensing, hii ni dawa yangu mimi, metoklopramidi, wanawake wawili wana ugonjwa kama wangu. Walishindwa, 5 kwa 4. Kwa nini? Kwa sababu vidonge vyao vilikuwa vya jina la kawaida, na sheria ya kule inamlazimisha mtengenezaji wa namna hiyo kubandika maneno yaleyale ya kampuni iliyoanzisha, hawezi kuongeza onyo lake mwenyewe, kwa hiyo huwezi kumshtaki kwa kutoonya. Yaani wangemeza ya jina la kampuni iliyoanzisha wangekuwa na kesi. Famasi ndiyo iliyowachagulia. Mi sikufungulia huko na sheria yangu ni tofauti, ila niliposoma ile usiku ule nilihisi kama wananisoma mimi.

Kwa hiyo weka boksi. Kama huna boksi weka ile shiti ya vidonge, pale pembeni pamegongwa namba ya toleo na tarehe. Piga picha. Risiti weka. Kikaratasi cha ndani weka pia, maana maneno yake yanabadilika na kesi ni kuhusu maneno yaliyokuwepo siku uliyomeza, sio ya leo.

Sisemi bila boksi haiwezekani kabisa. Wale mabinti wa DES, dawa waliyopewa mama zao wakiwa wajawazito ili mimba isitoke na ikaja kuwapa wao kansa wakiwa wakubwa, wangejuaje kampuni baada ya miaka yote hiyo, na waliomeza ni mama zao? Mahakama ya juu ya California mwaka 1980, Sindell v. Abbott, ikasema basi kampuni zilipe kila moja kwa kadiri ya sehemu yake ya soko. Nililia nilivyosoma hiyo. Nikampelekea wakili nimeipigia mistari. Akasema nzuri sana, ila hapa kwetu hakuna jaji aliyewahi kuikubali. Weka boksi.

Miezi minane ya barua naruka, hakuna cha kusimulia.

Sasa faili. Hospitali hawakutaka kunipa faili langu. Nilienda mara sita, nikaandika barua, nikakaa kwenye benchi na chakula changu nimefunga, mpaka wakanitolea kopi zote, kurasa 112. Nilitembea na ile bahasha kama nimebeba mtoto. Najisifu kwa hilo mpaka leo, maana watu wengi wanakata tamaa hapo. Yule daktari wa mapafu wa Ufaransa, Irène Frachon, ndo alikuwa mfano wangu, alikuwa anafanya kazi hospitali ya Brest, akapekua mafaili ya wagonjwa mpaka akaonyesha dawa ya Mediator ya kampuni ya Servier inaharibu vali za moyo. Ilikuwa sokoni tangu 1976, ikatolewa 2009, na mwaka 2021 mahakama ya Paris ikaikuta Servier na hatia ya udanganyifu na kuua bila kukusudia, faini euro milioni 2.7, na rufaa ya 2023 ikaongeza zaidi. Mtu mmoja na mafaili! Nikasema na mimi.

Katikati ya hayo ndo ofa ikaja. Ile kampuni iliyokiri miezi 5. Hela ilikuwa kama mshahara wangu wa mwaka mmoja na nusu, pamoja na karatasi ya kunyamaza, na mstari unaosema kulipa huku sio kukiri kosa. Kaka yangu akasema dada saini, chukua, ukatibiwe. Wakili naye akasema fikiria. Mi nikasimama, nakumbuka nilisimama kabisa kwenye kiti, nikasema mdomo wangu wameshauchukua mara moja, mara ya pili hawaupati. Maneno mazuri sana. Nilijipongeza wiki nzima.

Halafu faili likaenda kwa upande wa pili, kama utaratibu unavyotaka. Ukurasa wa 71, mwandiko wa daktari wangu wa kwanza, mwezi wa 11 wa dawa: mgonjwa anauliza kama mdomo kucheza ni kwa sababu ya dawa ya tumbo, nimemtoa wasiwasi, aendelee.

Mstari mmoja tu. Mi niliuona wakati nasoma nikafurahi, nikadhani ni ushahidi wetu, ona nilivyouliza na akanidanganya. Mawakili wa kampuni nao waliufurahia, kwa sababu sheria ya ukomo inanipa miaka 3 tangu nilipojua au nilipopaswa kujua, na kutoka tarehe ya ule ukurasa mpaka nilipofungua kesi ni miaka 3 na miezi 4. Sisi tulikuwa tunahesabu kutoka siku bingwa aliponipa jina la ugonjwa. Jaji akasema hapana, aliyeuliza tayari alikuwa na shaka, alipaswa kufuatilia. Daktari kaniambia sio dawa, mahakama inasema nilijua ni dawa. Kesi imepitwa na muda, imetupwa, na ofa ilikuwa imeondolewa siku nyingi.

Ulaya nako ni hivyohivyo, sheria yao ya bidhaa mbovu ya 1985 inatoa miaka 3 tangu ujue, na miaka 10 tangu bidhaa iingie sokoni basi mlango umefungwa hata kama ugonjwa haujajitokeza. Ile mpya ya 2024 imesogeza mpaka miaka 25 kwa madhara yanayochelewa kujitokeza, na inamruhusu jaji kuiamuru kampuni itoe nyaraka zake, lakini itahusu bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya 9 Desemba 2026. Mimi na wewe tulioumia zamani haituhusu.

Ndo maana nawaambia watu msikae mnanung'unika nyumbani. Ukihisi tu, siku hiyohiyo, andika tarehe, ripoti madhara kwa mamlaka ya dawa, tafuta wakili hata wa kumuuliza bure, usisubiri bingwa, usisubiri kupona, usisubiri daktari akukubalie. Na ukiona kampuni inasema tulishamwonya daktari, kazi yetu ni kumwonya daktari sio wewe, ujue hiyo ni hoja inayokubalika sehemu nyingi, hivo muulize wakili mapema kama na daktari aunganishwe kwenye kesi. Sisi hatukumuunganisha. Nilimwonea huruma, alikuwa mzee. Watu tunaonea huruma watu ambao hawakutuonea.

Msamaha wenyewe msiungoje. Grünenthal, walioitoa thalidomide mwaka 1957 na maelfu ya watoto wakazaliwa bila mikono au miguu, waliomba radhi hadharani 2012, zaidi ya miaka 50 tangu dawa iondolewe sokoni. Mi wangeniomba radhi tu labda ningesaini. Sijui, labda nasema tu.

Haya, dada. Jana hatimaye nilimjibu. Nikamuuliza una boksi? Akanitumia picha, boksi zima, kikaratasi ndani, risiti pembeni, namba ya toleo inasomeka kabisa. Nilikaa naiangalia ile picha. Nikamwambia mwambie wakili wako asome faili lako lote, ukurasa kwa ukurasa, atafute tarehe ya kwanza kabisa uliyoshuku, na akikuta bado uko ndani ya muda basi mna nguvu, dai waongeze na hicho kifungu cha kunyamaza kifutwe au kipunguzwe, angalau uweze kuongea na daktari na mamlaka ya dawa. Akikuta tarehe ni mbaya, chukua hela, tena haraka. Kabla hajasoma usisaini na usikatae.

Akaniuliza, na wewe ungerudi nyuma?

Nimemwambia ningesaini. Kaka, najua unasoma hapa. Usinipigie.