Kabla hujaandika kwamba kipimo hiki ni bora kuliko kile

Ukianza kazi ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, hutamaliza wiki kabla hujaulizwa: VIA, Pap smia na kipimo cha HPV, kipi bora? VIA ni kupaka asidi kwenye mlango wa kizazi na kuutazama kwa macho; Pap smia ni kuchukua seli zake na kuzisoma kwenye slaidi; kipimo cha HPV hutafuta kirusi kinachosababisha saratani hiyo. Nilipokuwa mgeni nililijibu swali hilo upesi, tena kwa jedwali. Jedwali lenyewe lilikuwa bovu.

Tulilinganisha VIA na Pap smia kwa wanawake walewale. Aliyeonekana na tatizo kwa kipimo chochote alipelekwa kolposkopi, yaani kutazamwa mlango wa kizazi kwa kifaa cha kukuza, na penye shaka akachukuliwa kinyama, kipande kidogo cha kusomwa maabara. Aliyetoka salama kwenye vyote viwili alirudi nyumbani. Kisha tukaandika kwa furaha kwamba VIA inakamata karibu wagonjwa wote. Msimamizi wetu aliweka kidole kwenye safu ya "hawana ugonjwa" akauliza, "Na hawa mmejuaje?" Tukatazamana. Waliopitwa na vipimo vyote viwili hatukuwa tumewahesabu popote.

Kwa hiyo, kama huwezi kuwapeleka wote kolposkopi, chagua kwa bahati nasibu sehemu ya walioonekana salama, nao wachunguzwe. Na msomaji wa kinyama asijue vipimo vya mwanzo vilisema nini. Akijua, jicho lake linaelemea upande.

Usichanganye pia kuchuja na kuthibitisha. VIA, Pap na HPV vinachuja tu. Kinachothibitisha ni kinyama kilichosomwa patholojia. Tuseme una wanawake 1,000, na 20 wana mabadiliko hatari. Kipimo kinakamata 18 kati yao, lakini kinamshuku kimakosa mmoja katika kila 10 wa wale 980 wazima. Utakuwa na majibu chanya 116, na wagonjwa wa kweli humo ni 18 tu. Ndiyo maana anayepata HPV chanya asiambiwe ana saratani: maambukizi mengi ya kirusi hiki huondolewa na mwili wenyewe ndani ya miaka michache.

VIA ndiyo inayowadanganya wageni zaidi, kwa sababu inaonekana rahisi. Unapaka asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, unasubiri dakika moja nzima. Nzima! Nimewahi kuinama na tochi baada ya sekunde kama 20, nikaandika hasi, na mwenzangu aliyetazama baadaye akaona doa jeupe zito, lenye kingo wazi, limegusa mpaka wa seli, yaani pale seli za nje ya mlango wa kizazi zinapokutana na za ndani. Huo mpaka ndio wa kuutafuta kwanza. Kwa waliokoma hedhi mara nyingi umeshaingia ndani ya mfereji, hauonekani. Hapo usiandike "hasi". Andika "mpaka haukuonekana", umpatie kipimo kingine. Hasi za namna hiyo zikirundikana huharibu ulinganisho wowote.

Pap smia inategemea mchukuaji wa sampuli na macho ya msomaji wa slaidi, na uwezo wake wa kukamata kwa mara moja si mkubwa. Nguvu yake ni kurudiwa. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linapendekeza kuanza na kipimo cha vinasaba vya HPV: kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa wanaoishi na VVU kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Mimi nakubaliana nalo, hasa kwa sababu mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Aliyeogopa spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, asije kabisa hakamatwi na kipimo chochote, hata kiwe kizuri namna gani.

Na kwenye jedwali lako ongeza safu ambayo sisi hatukuwa nayo: tarehe mwanamke alipopewa majibu. Nimeshawahi kufungua kabati nikakuta jibu la Pap lililosomwa vizuri kabisa, lina onyo, liko ndani ya bahasha ya mtu ambaye hatukuwa tumeandika hata namba yake ya simu.