Muulize Mzee wa Sizoni: Wageni wa angani, na mama mkwe yupo sebuleni

SWALI: Shikamoo Mzee wa Sizoni. Nipo Nansio, Ukerewe. Televisheni yetu ni moja na jioni tunaitazama nyumba nzima: mke wangu, vijana wawili wa sekondari na mama mkwe. Nikivuka kuja Mwanza nataka niwekewe kwenye flashi sizoni ya viumbe wa sayari nyingine wanaokuja duniani. Isiwe na mambo ya kututoa sebuleni, na iwe na mwisho. Tuliyomaliza juzi ilikatikia njiani.
Baba wa Wawili, Nansio

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chukua V, ile ya 1983. Ipo nyingine ya 2009 yenye jina hilohilo. Morena Baccarin kamcheza vizuri Anna, mkuu wa wageni, ila ilikatishwa 2011 mambo yakiwa yamepamba moto. Hiyo mtanilaani.

Ya zamani ni kazi ya Kenneth Johnson, Mmarekani. Meli kubwa za angani zinasimama juu ya miji. Wageni wanashuka na sura za watu, wapole, wanaomba kemikali fulani na kuahidi kutulipa kwa ujuzi wao. Kumbe wanataka maji yetu, na sisi wenyewe tuwe kitoweo. Niliionyesha kwenye banda umiza langu pale Mabatini, enzi za kanda, ilipofika kwenye maji, banda zima likapiga kelele: "Na ziwa letu je?"

Chini ya ngozi ni mijusi, lakini mimi kilichonikaa ni mzee Abraham, Myahudi aliyenusurika mauaji ya Wanazi. Anawakuta watoto wanachafua bango la wageni kwa rangi ya kupuliza. Anawapokonya kopo. Wanajua wamekwisha. Yeye anachora V kubwa nyekundu juu ya bango, anawaambia ni ya "victory", yaani ushindi, wakawaambie wenzao. Wakati huohuo mjukuu wake wa damu kajiunga na vijana wa wageni, anatamba na sare. Hapo wanao wasisinzie.

Diana, mwanamke wa wageni, anammeza simbilisi mzimamzima. Mama mkwe aambiwe mapema. Baadaye kuna binti anayejifungua mtoto wa mgeni, msiwe mnakula.

Ya 1983 ina sehemu mbili na vita haviishi. Chukua pamoja na V: The Final Battle ya 1984, sehemu tatu, kisha zima. Iliyofuata ya kila wiki nayo iliachwa njiani.

Vijana wakitaka zaidi, Falling Skies (2011 hadi 2015) inafika mwisho, ila ina vita mtindo mmoja, waitazame wenyewe. Resident Alien inachekesha sana, lakini midomo michafu, kwa mama mkwe hapana.

Kijana wa kukopi mwandikie jina na mwaka kwenye karatasi. Herufi moja tu akiitafuta kwenye kompyuta yake italeta kila kitu, na wengi watakupa ya 2009. Ifungue palepale kabla hujalipa: ukimwona Anna, mrudishie.