Shati lipi ununue, na mzee aliyekukejeli

Ndugu yangu, umeuliza ununue shati gani kwa msimu wako wa kwanza wa uamuzi wa besiboli hapo Ohio, na umjibu vipi mwamuzi mzee aliyekukejeli kwenye kundi la WhatsApp.

Muulize kwanza anayewapangia mechi. Waamuzi wengi Marekani huvaa shati jeusi, la bluu iliyokolea au la samawati, na suruali ya kijivu. Muhimu ni kwamba waamuzi wa mechi moja mfanane. Viatu vya kusimama nyuma ya mdakaji, yule mchezaji anayedaka mipira inayompita mpigaji, viwe na kinga ngumu vidoleni. Hapo usibane hela kabisa!

Huyo mzee mpigie simu, usimjibu mbele ya watu. Huenda Jumamosi mkapangwa pamoja, wewe nyuma ya mdakaji, naye ndiye utakayemgeukia kumuuliza kama mpigaji alizungusha gongo au alijizuia.