Kona ya Waandishi Chipukizi: Uwezo wa Ajabu Nao Una Mipaka

Shikamoo mhariri. Niko kidato cha tatu, naishi Kigamboni. Naandika riwaya ya watoto watatu wenye uwezo wa ajabu. Mmoja, Mwanaidi, anaamuru maji. Nimekwama sura ya sita: kila adui akitokea, Mwanaidi anamzoa kwa wimbi, basi. Nifanyeje?

Marahaba. Ukimwongezea adui makali, utakwama tena sura ya nane. Tatizo liko kwa Mwanaidi: anaweza lolote, saa yoyote, bure.

Chukua daftari, mpe kila mtoto ukurasa wake. Andika anafanya nini hasa, nini hawezi kabisa, wakati gani uwezo unamwishia, na unamgharimu nini. Sentensi moja kwa kila jibu. Ukikuta "na pia", kata.

Bahari iko mlangoni kwako, itumie. Tuseme Mwanaidi hawezi kuyaanzisha maji. Huyaongezea kasi tu yakiwa tayari yanakwenda. Papo hapo mwezi unaingia kwenye hadithi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, kuna bamvua: Dar es Salaam maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, yakijaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne, mchana na usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na mkondo hulegea. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12, na kila siku majira hayo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wavuvi wa Feri wanayajua haya, na adui mwenye akili atayajua pia. Atangoja maji mafu, tena ile nusu saa ambayo bahari imetulia kabla ya kugeuka, amkute Mwanaidi juu ya kivuko, katikati ya Magogoni na Kigamboni. Hapo sura ya sita imepata mambo.

Chunga tarehe zako. Ukiandika mbalamwezi imejaa anga nzima na siku hiyo hiyo ukataja maji mafu, msomaji wa pwani atakifunga kitabu.

Gharama nayo iwe kitu ambacho mama yake anaweza kukiona. "Alichoka sana" haitoshi, msomaji huisahau akifunua ukurasa. Vidole vya Mwanaidi vikunyanzike kama vya mtu aliyefua kutwa nzima, vibaki hivyo hadi alfajiri. Usiku anamega ugali, mama anaushika mkono wake, anaugeuza kwenye taa. Sasa lazima aseme uongo, na uongo huo utakupa sura ya saba.

Wahusika waongee Kiswahili cha mtaani? Msomaji, Sinza.

Kwenye mazungumzo, ndiyo; usimulizi uache sanifu. Misimu huchuja haraka, kwa hiyo chagua michache na umpe mhusika mmoja awe ndiye mwenye nayo.

Nataka msichana mwenye ualbino awe na nguvu kuliko wenzake wote, ngozi yake ikitoa mwanga unaoponya. Kuna ubaya? Mwalimu, Tabata.

Upo, mwalimu, na tunakuomba ubadilishe. Nchini mwetu watu wenye ualbino, watoto wakiwemo, wameuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba miili yao ina nguvu za kuleta utajiri. Hadithi inayoweka uponyaji kwenye ngozi inairudia imani ile ile, hata kama mwandishi ana nia njema, na msomaji wa miaka kumi na mitatu hatakuuliza nia yako.

Usimtoe kwenye kundi, lakini. Mpe uwezo usiohusiana na mwili wake: tuseme akishika ufunguo anajua mlango wake uko wapi. Kisha uandike ualbino wake kwa usahihi. Uoni wake ni hafifu, kwa hiyo darasani anakaa mbele na namba ya daladala anaisoma likishafika karibu. Jua linamuunguza upesi: kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua yanayopakwa upya kila baada ya saa mbili. Kundi likipanga kuvuka Jangwani saa saba mchana na chupa ya mafuta imeishia nyumbani, wenzake watalazimika kuchagua kati ya kungoja jioni na kumwacha nyuma. Waache wabishane hapo kituoni, naye akiwa anawasikia.