Kabla hujasema laptopu imezeeka, angalia kinachojiwasha chenyewe

Ilikuwa saa tatu usiku, nafunga steshenari yangu hapa Makulu, mtoto wa dada yangu akaingia amekumbatia laptopu. Anasoma mwaka wa pili UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma.

"Shikamoo mamdogo. Nimeunga GB moja, nikawasha hotspoti nitume ripoti ya fildi. Bando limeisha na ripoti haijaenda."

Ripoti yenyewe ilikuwa na MB nne tu.

Laptopu ile najua ilivyopatikana. Dada na shemeji waliuza alizeti ya msimu mzima kule Kongwa ndipo ikanunuliwa, mpya, kwenye boksi lake: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB, hifadhi 64GB, na mfumo wa Windows 11 ndani. Kwa hiyo watu wanapobishana kama mifumo ya kompyuta imejazwa programu kupita kiasi, mimi hesabu yangu naanzia kwenye magunia yale.

Tukakaa. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha linaloonyesha kompyuta inafanya nini. Hajafungua hata kitu kimoja, lakini RAM ilikuwa imeshaliwa asilimia 78. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, nikaingia upande wa mtandao, pale panapoonyesha kila programu imetumia data kiasi gani. Kulikuwa na programu ya kuhifadhi faili mtandaoni iliyokuwa inapandisha picha zake zote za mahafali ya kidato cha sita. Duka la programu lilikuwa linasasisha michezo ambayo hajawahi kuigusa. Antivairasi ya majaribio ya siku 30 nayo ilikuwa inashusha mafaili yake. Hata moja kati ya hizo hakuiweka yeye.

Basi jibu langu ni ndiyo, imejazwa. Windows XP ya mwaka 2001 ilikubali kukaa kwenye kompyuta yenye RAM ya MB 64 na nafasi ya GB 1.5. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali chini ya RAM 4GB na hifadhi 64GB. RAM peke yake imepanda mara 64. Sehemu ya ongezeko hilo ina maana, hasa mambo ya usalama. Lakini aliyelipia kompyuta ya kiwango kile cha chini anaikuta imejaa kabla hajaandika hata ukurasa mmoja.

Sichukii kila kinachokuja na kompyuta. Mwalimu aliyeko ndani kabisa huko Chemba, akinunua kompyuta isiyo na kikokotoo wala cha kufungulia picha, atavipata wapi na mtandao wenyewe wa kubahatisha? Mchezo wa karata wa Solitaire ulianza kuja na Windows mwaka 1990, na miaka ile ulikaa kimya mpaka uufungue. Kwa hiyo mimi naangalia jambo moja: programu inasubiri kuitwa, au inaamka yenyewe? Inayosubiri naiacha. Inayoamka yenyewe, ikala RAM na kuvuta bando, lazima iwe na sababu nzito ya kubaki.

Ukitaka kuzisafisha, ujue kwanza zimeingia kwa mikono ya nani. Mkono wa kwanza ni mwenye mfumo, yaani Microsoft wanaotengeneza Windows. Wa pili ni kiwanda kilichounda kompyuta. Faida kwenye kompyuta za bei nafuu ni ndogo, kwa hiyo kampuni za programu hulipa ili bidhaa zao za majaribio ziwekwe humo. Mwaka 2014 hadi mwanzoni mwa 2015 baadhi ya laptopu za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish, ambayo ilijiingiza hata katikati ya mawasiliano yaliyofichwa kwa usalama, na kampuni ikalazimika kutoa njia ya kuiondoa. Mkono wa tatu hauandikwi sana, nao ndio ninaokutana nao kila wiki: fundi wa mtaani. Unampelekea akupigie windo, yaani akuwekee Windows upya, anakurudishia kompyuta yenye antivairasi mbili, brauza tatu, na kile kiprogramu cha kuamsha Windows bila leseni. Kiprogramu hicho mara nyingi hudai ulinzi wa kompyuta uzimwe kwanza. Huo mkono wa tatu ndio unaonitisha kuliko yote, maana ukishazima ulinzi hujui umemfungulia nani mlango.

Usiku ule tulianza na orodha ya programu zinazojiwasha kompyuta inapowaka. Iko kwenye dirisha lilelile la Ctrl, Shift na Esc. Tulizizima zote isipokuwa ya ulinzi na ya sauti. Kuzima siyo kufuta, ukikosea unarudisha, ndiyo maana naanzia hapo. Kisha tukaingia kwenye orodha ya programu zote, tukaipanga kwa ukubwa, tukaondoa michezo na antivairasi ya majaribio. Ulinzi unaokuja na Windows unamtosha mwanafunzi. Ukifika hapo, usiguse chochote chenye jina la Visual C++, .NET, Intel au Realtek. Hivyo vinategemewa na programu nyingine na vifaa vya ndani; utaondoa ukidhani ni uchafu, kesho sauti haitoki.

Na tafadhali usishushe vile vifurushi vya kusafisha Windows kwa mbofyo mmoja vinavyosambazwa kwenye video. Nimeletewa kompyuta hapa ambayo haikuweza tena kupokea sasisho lolote baada ya hapo.

Kilichookoa bando lake zaidi ni kuiambia Windows kwamba hotspoti ya simu yake ni mtandao wa kulipia kwa kipimo. Unaingia kwenye jina la mtandao huo ndani ya seting na kuwasha swichi moja. Windows inaacha kushusha sehemu kubwa ya masasisho. Lakini usikae hivyo miezi. Masasisho ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa hiyo nimemwambia Jumatano au Alhamisi inayofuata aende kwenye waifai ya chuo, aache kompyuta ishushe.

Brauza ya Edge ilibaki. Watumiaji wa nchi za Umoja wa Ulaya wanaweza kuifuta tangu 2024 kwa sababu sheria yao imelazimisha hivyo. Sisi hatujapewa nafasi hiyo, na linaniuma, kwa sababu pesa tuliyotoa ni pesa kamili.

Baada ya kuiwasha upya RAM ilisoma asilimia 54. Akaunga GB nyingine, ripoti ikaenda.

Kwa wenye kompyuta kuukuu zilizobaki na Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida iliisha 14 Oktoba 2025, kuna Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows: inakubali RAM 2GB na nafasi ya 20GB, na inakuja na LibreOffice, programu za kuandikia na za mahesabu, ambayo inakaa kimya mpaka uifungue.

Na kama unakwenda kununua laptopu wiki hii, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, ubonyeze vile vitufe vitatu, usome RAM kabla hujatoa hela. Akikataa kuiwasha, nenda duka jingine.