Kila Neno Mahali Pake: Kurekebisha Sentensi za Kiingereza Zinazopotosha Maana

Kazi yangu ni kuhariri ripoti, tasnifu na maombi ya ufadhili yanayoandikwa kwa Kiingereza na watu ambao, kama mimi, hufikiri kwanza kwa Kiswahili. Katika kazi hiyo nimeona kwamba makosa yanayowaumiza zaidi waandishi hawa si yale yaliyozungushiwa wino mwekundu shuleni, yaani tahajia, nyakati za vitenzi na wingi wa nomino. Makosa ya aina hiyo huonekana mapema, na kinachoonekana husahihishwa. Linaloumiza ni fungu la maneno lililowekwa mbali na neno linalopaswa kufafanuliwa nalo. Sentensi ya namna hiyo hubaki safi kwa sura, kila neno limeandikwa sawasawa, na mara nyingi hata programu ya kusahihisha sarufi huipitisha bila onyo, lakini msomaji huondoka na habari ambayo mwandishi hakuikusudia.

Chukua sentensi hii: "The teacher gave exercise books to the pupils with torn covers." Mwandishi alitaka kusema kwamba madaftari ndiyo yaliyokuwa na majalada yaliyochanika, ila kwa mpangilio alioutumia, wenye majalada yaliyochanika ni wanafunzi. Kwa Kiswahili asingeweza kuingia katika shida hiyo. Angeandika "yenye majalada yaliyochanika", na kiambishi kile cha mwanzo kingelishika neno "madaftari" hata kama neno "wanafunzi" lingekuwa limeingia katikati. Laiti angekusudia wanafunzi, angelazimika kuandika "wenye", na tofauti ingejulikana kwa herufi ya kwanza tu. Upatanisho wa kisarufi hutufanyia kazi kubwa ambayo hatuitambui, kwa kuwa tumeizoea tangu utotoni.

Kiingereza nacho kiliwahi kuwa na msaada wa aina hiyo. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi vya mwishoni vilivyoonyesha jinsia, idadi na uhusika wa nomino, na vivumishi vilibadilika kulingana na nomino vilizozifafanua. Viambishi hivyo vilipokuwa vikififia katika karne zilizofuata mwaka 1066, Wanormani walipoiteka Uingereza, mpangilio wa maneno ulibebeshwa mzigo uliokuwa wao. Leo Kiingereza kina misaada michache tu ya aina hiyo: "who" kwa watu na "which" kwa vitu, "is" kwa umoja na "are" kwa wingi, pamoja na viwakilishi kama "his", "her" na "its". Mahali ambapo misaada hiyo haifiki, kinachomwambia msomaji kwamba maneno haya yanalifafanua lile ni ujirani tu.

Ndiyo maana huwashauri waandishi wenzangu waitazame kila sentensi ya Kiingereza kana kwamba nomino zake zote ziko katika ngeli moja. Hali hiyo si ngeni kwetu. Tukisema "mtoto wa jirani aliyehamia Mwanza", hakuna anayeweza kujua kama aliyehama ni mtoto au jirani, kwa sababu wote wawili ni wa ngeli ya A-WA na kiambishi hakiwezi kuwatenganisha. Mswahili makini akiisikia sentensi hiyo huuliza papo hapo: nani aliyehama? Swali hilohilo, ambalo katika lugha yetu tunaliuliza mara mojamoja, katika Kiingereza linapaswa kuulizwa kila mara.

Mfano unaonirudia mara nyingi unatoka katika ripoti za afya na lishe. Mwandishi anaandika: "We interviewed mothers of children who were malnourished." Nani alikuwa na utapiamlo? Neno "who" linafaa kwa akina mama na kwa watoto, "were" ni ya wingi kwa wote, na tafsiri zote mbili zina mantiki, kwa kuwa mama mwenye utapiamlo ni jambo la kweli na la kawaida. Mtu anayepanga kununua chakula cha lishe kwa kuitegemea ripoti hiyo hana njia ya kujua kama akipeleke kwa mama au kwa mtoto. Anayeisoma sentensi ya madaftari anaweza kutabasamu na kujisahihishia maana mwenyewe. Sentensi ya akina mama haimpi nafasi hiyo, maana hajui hata kama ameelewa vibaya. Kuirekebisha ni rahisi ukishajua ulichokusudia: "mothers whose children were malnourished" ikiwa ni watoto, na "malnourished mothers of young children" ikiwa ni akina mama na watoto wao ni wadogo. Ugumu upo katika kuitambua, na hapo ndipo huwaomba waandishi watumie muda wao.

Kuna aina ya pili ambayo naiona kuwa ndiyo inayotunasa zaidi sisi wazungumzaji wa Kiswahili. Kitenzi chetu hubeba mtendaji ndani yake. "Nilipokuwa nikitembea kuelekea sokoni, mvua ilianza kunyesha" ni sentensi kamili isiyo na kasoro, kwa kuwa kiambishi cha nafsi ya kwanza kimo katika "nilipokuwa" na tena katika "nikitembea", na mvua ina kitenzi chake. Mwandishi akiibeba sentensi hiyo kwenda katika Kiingereza kwa njia ya mkato, hupata "Walking to the market, the rain started." Neno "walking" halina nafasi ya kumweka mtendaji. Humwazima kutoka katika kiima cha kishazi kinachofuata, na kiima hicho ni mvua. Tiba ni mbili, nami sioni kwamba moja ni bora kuliko nyingine. Ama unarudisha mtendaji katika sehemu ya kwanza, "While I was walking to the market, the rain started", ama unabadilisha kiima cha sehemu ya pili, "Walking to the market, I was caught in the rain."

Katika tasnifu aina hii huja kwa mlango mwingine. Wasimamizi wengi huwakataza wanafunzi kutumia nafsi ya kwanza, na mwanafunzi mtiifu hukimbilia kauli ya kutendwa kila mahali, ndipo inapozaliwa sentensi kama "Having interviewed the farmers, the data were analysed." Kwa mujibu wa sarufi, takwimu ndizo zilizowahoji wakulima. Si lazima kuvunja amri ya msimamizi ili kuiponya. Andika "After the farmers had been interviewed, the data were analysed", na kila kitenzi kitakuwa na kiima chake ilhali nafsi ya kwanza haikutajwa popote. Vivyo hivyo, "Using a questionnaire, data were collected" hupona kwa kufupishwa: "Data were collected by questionnaire." Najua kwamba majarida mengi ya sayansi siku hizi huvumilia "using" ya namna hiyo, nami siipigii kelele ninapoikuta, lakini "having interviewed" siipitishi kamwe.

Hapa niongeze tahadhari. Mtu aliyejifunza kanuni hii hivi karibuni huanza kuwinda kila neno lenye "-ing" mwanzoni mwa sentensi. Maneno kama "considering", "regarding" na "judging from" yamekwisha kuzoeleka kutumiwa bila mtendaji wa kutajwa, na "Considering the late rains, the harvest was good" ni sentensi sahihi isiyohitaji mkono wa mtu. Anayeigusa anaipotezea wepesi wake bila kumwongezea msomaji chochote.

Maneno madogo nayo yanahitaji macho makali, hasa "only", "almost", "nearly" na "even". Chukua "The chairman signed the minutes on Friday" kisha utembeze "only" ndani yake. "Only the chairman signed the minutes" inasema hakuna mwingine aliyesaini. "The chairman signed only the minutes" inasema hati nyingine zilibaki bila saini yake. "The chairman signed the minutes only on Friday" inahusu siku. Ukiiweka kabla ya kitenzi, "The chairman only signed the minutes on Friday", unaweza kupata maana mbili au tatu kwa pamoja, na katika mazungumzo ni mkazo wa sauti unaochagua mojawapo. Maandishi hayana sauti. Kiswahili huweka "tu" mara baada ya neno linalohusika, na tabia hiyo inafaa kuhamishiwa katika Kiingereza, isipokuwa kwamba "only" kwa kawaida hukaa mbele ya neno lake. Sidai kwamba kila "only" iliyo kabla ya kitenzi ni kosa. Waingereza wameiweka hapo kwa karne nyingi, na pale ambapo maana ni moja tu, iache. Katika mkataba, katiba ya chama au muhtasari wa kikao, usiiache.

"Almost" ni ya hatari zaidi katika ripoti za miradi. "The project almost reached 400 households" inamaanisha kwamba mradi ulikaribia kuzifikia kaya hizo, na pengine haukufika kwa hata moja. "The project reached almost 400 households" inamaanisha kwamba kaya zilizofikiwa hazikupungua sana chini ya 400. Ni neno lilelile, limesogea hatua moja, na taasisi inaonekana imeshindwa kazi ambayo kwa kweli ilifanyika.

Wakati mwingine fungu la maneno hukaa katikati na kutazama pande zote mbili. "Nurses who attend the training regularly fill in the forms correctly": je, wanahudhuria mara kwa mara, au wanajaza mara kwa mara? Sogeza neno hilo hadi kabla ya "attend" au mwishoni mwa sentensi, kulingana na unachokusudia. Habari za magazeti zina ndugu yake: "The minister said on Tuesday the bridge would be opened." Hatujui kama Jumanne ni siku ya kusema au ya kufungua daraja. Kiingereza huruhusu "that" iachwe, na waandishi wengi huiacha wakidhani ndiyo ufasaha. Irudishe. "Said on Tuesday that the bridge would be opened" haina utata wowote.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya walimu wa sarufi peke yao. Tarehe 1 Aprili 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya Facebook dhidi ya Duguid, kesi iliyohusu hasa mahali pa fungu moja la maneno. Sheria ya mwaka 1991 inayodhibiti simu zinazopigwa na mitambo yenyewe ilikieleza chombo kinachokatazwa kuwa ni kile chenye uwezo wa "to store or produce telephone numbers to be called, using a random or sequential number generator". Je, maneno yanayoanza na "using" yanafafanua kuzalisha namba tu, au pia kuzihifadhi? Ikiwa ni kuzalisha tu, basi mfumo wowote unaohifadhi namba na kuzipiga wenyewe ungeingia katika katazo. Mahakama, katika uamuzi ulioandikwa na Jaji Sonia Sotomayor, ilisema kwamba fungu hilo linafafanua vitenzi vyote viwili, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa alama ya mkato iliyotangulia neno "using". Mahakama ya rufaa ilikuwa imeelekea upande mwingine kabla ya hapo. Majaji waliobobea walitofautiana kuhusu sentensi iliyopitishwa na Bunge la nchi ambayo lugha yake kuu ni hiyohiyo, kwa hiyo mwandishi wetu asione haya kuisoma sentensi yake upya.

Kuhusu namna ya kuisoma upya, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuisoma kwa sauti. Kwa kosa hili mimi siupendi. Mwandishi anayejua alichokusudia huweka mkazo na kituo mahali panapofaa, na sauti yake huficha utata ambao msomaji ataukuta kwenye karatasi. Ninachofanya ni kutumia kitafutio cha kompyuta kuyapitia maneno ninayoyashuku: "only", "almost", "with", "which", "who", na sentensi zinazoanza na kitenzi chenye "-ing". Kila ninapolipata moja, nanyoosha kidole kwenye nomino iliyo karibu nalo zaidi na kuuliza kama ndiyo inayohusika. Baada ya kusogeza maneno nauliza tena, kwa sababu kusogeza nako huleta jirani mpya. "She discussed the disease that kills goats with the herders" inaweza kusomeka kana kwamba ugonjwa huua mbuzi pamoja na wafugaji, na si lazima kupeleka "with the herders" mwanzoni kabisa mwa sentensi. Inapona kwa "She discussed with the herders the disease that kills goats", ambapo wafugaji wamekaa na kitenzi cha kujadiliana na mbuzi wamebaki na ugonjwa wao.

Unapohariri maandishi ya mtu mwingine, usiirekebishe sentensi yenye maana mbili kwa kukisia. Mhariri anayechagua "mothers whose children were malnourished" bila kuuliza anaweza kuwa amebadilisha matokeo ya utafiti, na kwa kuwa sentensi mpya haina utata, hakuna atakayeitilia shaka tena. Mimi humwandikia mwandishi pembeni maana zote mbili kwa ukamilifu, moja chini ya nyingine, na kumwomba achague.